Dachi: mwaka na nusu na sufuria ya Wajamaika

Nianze na bei, maana najua wengine wenu mnasoma bei tu na kwenda zenu: paundi 38, sokoni Brixton, kusini mwa London, sufuria moja na mfuniko wake. Haina boksi, haina karatasi ya maelezo, haina dhamana. Muuzaji aliitia kwenye mfuko mweusi wa taka, akapiga fundo, akanikabidhi kama anayenipa kuku wa kienyeji.

Wajamaika wanaiita dachi. Maana yake ni sufuria ya Kiholanzi, lakini tangu niishi nao sijamsikia hata mmoja akilitamka jina lake kwa kirefu. Mimi ni mtu wa Tanga, na kwetu Mdachi ni Mjerumani. Bibi yangu mzaa baba alihesabu miaka yake kwa "wakati wa Mdachi". Basi siku jirani aliponiambia kwamba wali wangu hautakaa sawa mpaka nipate dachi, nilidhani ananituma nikanunue jiko la Kijerumani. Nikamwona ana maringo.

Jirani huyo nitamwita Anti, kama anavyoitwa na mtaa mzima. Ana miaka 74, amezaliwa Portland, upande wa mashariki wa Jamaika, na alifika Uingereza mwaka 1962 akiwa na miaka 11. Mama yake alitangulia mwaka 1956, akamwacha kwa bibi, akawa anatuma hela na nguo mpaka nauli ya mtoto ilipotimia. Watoto wengi wa rika lake walikuja hivyo, mmoja mmoja, kwa zamu ya nauli. Anti anasema mama yake alipompokea stesheni, yeye hakumtambua. Alichokitambua ni sufuria, walipofika nyumbani, kwa sababu ilikuwa pacha wa ile ya bibi.

Sufuria hiyo anayo hadi leo. Nje nyeusi tititi, ndani inameremeta. Ndiyo iliyonitia tamaa.

Kosa langu la kwanza lilikuwa uvivu. Niliagiza mtandaoni kwa muuzaji ambaye simtaji, paundi 19, picha nzuri, maelezo matamu. Kikaja kitu chepesi kama bakuli la kunawia. Wiki ya pili kitako kilibenuka, ikawa inacheza juu ya jiko kama pia, na mfuniko ukaacha upenyo ambao ningeweza kupitisha kijiko. Anti aliigonga kwa ukucha, akasikiliza, akaiweka mezani. "Hii ni kofia," akasema, akaendelea na chai yake.

Dachi ya kweli husubiwa. Mafundi wa Jamaika huyeyusha alumini chakavu na kuimimina kwenye kalibu ya mchanga, ndiyo maana ukiipapasa nje utahisi chembechembe, kama ngozi ya chungwa. Usiseme ina kasoro. Ufundi wenyewe Waingereza waliufuata kwa Waholanzi: Abraham Darby alipata hataza mwaka 1707 ya kusubu vyungu vya chuma kwenye mchanga, na jina la Mholanzi likabaki kwenye chungu mpaka ng'ambo ya bahari. Yangu ina kipenyo cha sentimita 26, inachukua kama lita tano, na ukiwa umeijaza wali huinui kwa mkono mmoja, labda uwe mpiga makasia.

Siku ya kununua Anti alikuja nami. Tulishuka hadi Electric Avenue, mtaa wa soko uliokuwa wa kwanza kuwashwa taa za umeme, miaka ya 1880. Mimi nilijiona mjuzi kwa kulijua hilo. Anti alinijibu kwamba yeye anakumbuka bei ya ndizi mbichi mwaka 1970, na hiyo ndiyo historia. Ukiuliza kwa nini Wajamaika ni wengi Brixton na si kwingine, jibu ni la kawaida sana: meli ya Empire Windrush, iliyobeba Wajamaika wengi, ilipotia nanga bandari ya Tilbury Juni 1948, abiria waliokosa pa kulala walipelekwa kwenye handaki la wakati wa vita pale Clapham South, na ofisi ya kutafutia kazi iliyokuwa karibu ilikuwa Coldharbour Lane, Brixton. Wakatafuta vyumba jirani na walikopatia kazi. Sokoni zikafuata ndizi, magimbi, pilipili mbuzi, na sufuria.

Kabla ya kulipa Anti aliipima hivi, nanyi mfanye hivyohivyo. Aliigonga ikalia kengele, si bati. Akauzungusha mfuniko mduara mzima kuona kama unakwama au unapwaya. Akaiinua juu, akachungulia ndani kuelekea kwenye taa, kama kuna tundu la sindano. Kisha akaipindua na kuiweka juu ya meza ya muuzaji kuona kitako kimekaa. Muuzaji, kijana, alikuwa akimtazama kama mwanafunzi anayesahihishiwa daftari. Alipunguza paundi mbili bila kuombwa. Bei ya kwanza ilikuwa 40.

Sasa kuizoesha moto. Ukiipika siku hiyohiyo chakula kitatoka na rangi ya kijivu na taulo lako la jikoni litakuwa la fundi gereji. Ioshe kwa maji moto na sabuni, ikaushe, ipake mafuta ndani yote, ipeleke kwenye moto mdogo mpaka mafuta yaanze kutoa moshi, uache ipoe, ufute. Mimi nilirudia mara tatu. Anti aliongeza lake: nichemshe ndizi mbichi na maganda yake, mara mbili, maji nimwage. Maji yalitoka meusi kama ya kufulia soksi za shule. Sijui kama ni ndizi au ni mafuta yaliyofanya kazi, ila tangu hapo haijanitia kijivu kwenye wali.

Na wali ndiyo kazi yake. Kwao Jumapili bila wali wa maharage haijawa Jumapili. Jumamosi ni supu nzito yenye magimbi na matonge ya unga, Jumapili ni wali. Nilipouonja mara ya kwanza kwa Anti nilicheka peke yangu, kwa sababu niliufahamu kabla sijameza. Tui la nazi! Kwetu tunapika wali wa nazi hapa, maharage ya nazi pale, tunavikutanisha sahanini. Wao wanavikutanisha sufuriani. Maharage mekundu yanalowekwa usiku, yanachemshwa na kitunguu saumu mpaka yalegee na maji yawe ya rangi ya damu ya mzee. Humo linaingia tui, vitunguu vya majani vilivyopondwa kwa ubapa wa kisu, matawi ya zaatari, punje za pimento ambazo zinanukia kama karafuu, mdalasini na kungumanga vimeamka kitanda kimoja, na pilipili mbuzi moja nzima. Nzima. Ikipasuka umeharibu Jumapili ya watu. Ndipo mchele unaingia na mfuniko unafungwa.

Hapa ndipo nilipouelewa uzito wa mfuniko. Sufuria zetu za bati tunazifunika kwa sahani, tunaweka na jiwe, tunapalia makaa, kila mama na mbinu yake ya kuuzuia mvuke. Dachi imezaliwa na jiwe lake. Moto unashushwa mpaka uhisi umezima, na unaondoka jikoni. Nilihesabu: dakika 25, sijafunua, sijakoroga, punje zimesimama moja moja na maharage hayajavunjika. Katika sufuria yangu ya zamani mchele uleule, tui la kopo lilelile, ulitoka juu mbichi chini uji.

Chini kuna ukoko. Mwekundu, mwembamba, umeshika mafuta ya nazi, unabanduka kwa mwiko kipande kizima. Wajamaika wana jina lake, wanauita banbani, na watoto wa Anti, watu wazima wenye vipara, wanaugombea mpaka leo. Kwetu sisi tulitishwa kwamba ukila ndani ya sufuria siku ya harusi yako itanyesha mvua. Nilimsimulia Anti. Akafikiri kidogo, akasema yeye aliolewa London mwezi wa Novemba, kwa hiyo hana ushahidi.

Mtihani mgumu kuliko wali ni sukari. Kuku wao wa mchuzi mweusi huanza kwa kuunguza sukari kwenye mafuta: inayeyuka, inakuwa ya dhahabu, inakuwa ya kahawia, na kuna sekunde kama kumi kati ya kahawia nzuri na shubiri. Chombo chembamba kinakuvusha sekunde hizo bila kukuambia. Dachi inakwenda taratibu, unaona rangi ikigeuka, una muda wa kutia kuku bila kupiga kelele. Mbuzi wa bizari ni hivyohivyo. Wao bizari huichoma kwanza kwenye mafuta mpaka inukie, ndipo nyama iingie. Chakula hicho kilikwenda Jamaika na vibarua wa Kihindi, wa kwanza wao walifika mwaka 1845, nusu karne kabla wengine wao hawajaletwa Mombasa kujenga reli. Mchuzi wa Wajamaika ni wa njano kuliko wetu, hauna nyanya nyingi, una pimento na zaatari. Mume wangu anasema ni mchuzi wa Kihindi uliopotea njia. Anakula sahani mbili.

Shelisheli sikutegemea kulikuta London. Kule Tanga na visiwani tunalichemsha kwa nazi, au tunalikaanga, na wengi mnalidharau. Jamaika lilifikishwa mwaka 1793 na nahodha William Bligh, ili wenye mashamba wawalishe watumwa kwa gharama ndogo, na leo wajukuu wa watumwa hao wanalilipia hela nzuri Brixton. Anti halichemshi. Analiweka zima juu ya moto wa gesi, analigeuzageuza mpaka liwe kaa, analimenya, analikata vipande, anavitupia kwenye dachi yenye mafuta. Nyumba inanuka kama kumeungua shamba. Kula na ng'onda, au na chochote chenye chumvi. Sina zaidi ya kusema hapo, kajaribuni.

Niwape tatizo, kwa sababu sikuahidiwa kitu na mtu.

Masikio yanaunguza. Hayana mpira wala mbao, ni alumini tupu, na mara mbili nimejisahau. Kirungu cha juu ya mfuniko kimeshikwa kwa skrubu moja, na skrubu hiyo inalegea kila baada ya wiki chache. Siku moja kirungu kilibaki mkononi na mfuniko ukabaki na mvuke wake. Usiiweke kwenye mashine ya kuoshea vyombo, itatoka imepauka kama imeona jini. Na usilaze ndani yake kitu kichachu. Mimi nililaza samaki wa ukwaju usiku mmoja kwa uchovu wa zamu, asubuhi nikakuta vijitundu kwenye kitako, kama alama za ndui, na mchuzi una ladha ya sarafu. Havijatoka mpaka leo. Kwa mchuzi wa ukwaju au nyanya tupu, tumia chungu au sufuria ya chuma kisichoshika kutu. Mwenye baridi yabisi ya viganja achukue ndogo, ya sentimita 20.

Na jambo kubwa ambalo muuzaji hakusema: haifanyi kazi kwenye majiko mapya ya sumaku, yale ya kioo yasiyo na moto. Alumini haikamatiki. Binti yangu ana jiko hilo, Croydon. Nilibeba dachi kwenye basi mpaka kwake kumpikia Idi, nikaiweka, jiko likapiga honi mbili likanyamaza. Tulikula pilau ya kwenye sufuria ya kukaangia mayai, kwa awamu.

Kwenye tanuri, upande mwingine, ni malkia. Kwa kuwa haina plastiki popote, inaingia nzima. Anti alinifundisha humo mkate wao wa viazi vitamu: viazi vinakunwa vibichi, tui, sukari ya kahawia, unga kidogo, zabibu, kungumanga, tangawizi. Kwao Portland uliokwa nje, dachi juu ya makaa na makaa mengine juu ya mfuniko, na wana msemo wao wa kuueleza: jahanamu juu, jahanamu chini, aleluya katikati. Nikamwambia, Anti, hiyo ni palia makaa, mama yangu alipika mkate wa kumimina hivyohivyo kila Ramadhani. Hakuniamini. Basi Agosti mwaka jana tuliwasha makaa uani kwake, tukapalia, watu wazima wawili tumechutama na vibiriti kama watoto wanaocheza kupikapika. Ukatoka na ngozi juu, laini katikati unatikisika. Wa tanuri ni mzuri. Wa makaa ni mwingine kabisa, na jirani wa nyuma alichungulia juu ya ua mara tatu mpaka tukamkatia kipande.

Nyumba hiyo yenye ua, baba yake Anti aliinunua miaka ya sitini, wakati benki hazikutaka kumkopesha mtu mweusi na matangazo ya vyumba yalisema waziwazi kwamba hatakiwi. Aliinunua kwa upatu. Wao wanauita padna: kila wiki mnatoa fungu lenu, mmoja wenu anashika hela, kila mtu anasubiri zamu. Fungu la wiki wanaliita mkono. Mshika hela alikuwa mama yake Anti, na hela ilikaa, mnajua ilikaa wapi, ndani ya dachi ya pili, juu ya kabati, mfuniko umefungwa kwa kamba. Nilipomwambia mimi nipo kwenye mchezo wa akina mama wa Tanga na Mombasa hapa London, watu 12, paundi 50 kwa wiki, aliuliza swali moja tu: nani anashika? Nikamtajia. Akauliza: anapika vizuri?

Mwezi wa pili mwaka huu kaka yake Anti alifariki. Wao hukesha usiku wa tisa. Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku hospitalini, nikalala saa tatu, nikaamka nikasikia jirani vyombo vinagongana. Sikuulizwa na sikuuliza. Nilichukua dachi yangu nikavuka. Jikoni kulikuwa na dachi sita, kila moja ya mwenyewe, zimewekwa alama za utepe wa rangi kwenye sikio ili zisipotee, kama tunavyoandika majina chini ya sufuria za shughuli. Yangu ilipewa utepe wa kijani na ikapewa kazi ya samaki wa kukaanga. Nyingine ilikuwa na supu ya kichwa na matumbo ya mbuzi, inayonywewa kwenye vikombe. Uani wazee wanapiga dhumna kwa nguvu mpaka meza inaruka, sebuleni wanawake wanaimba tenzi za kanisani, na mtu anasimulia jinsi marehemu alivyowahi kuanguka na baiskeli ndani ya mto. Kwetu matanga huondolewa siku ya tatu, hakuna ramu wala dhumna, lakini kuna watu walewale: yule anayeamrisha jikoni bila kuteuliwa, yule anayekuja kula tu, yule anayeosha vyombo mpaka alfajiri na hajatajwa na mtu.

Niliiacha hapo wiki nzima. Iliporudi, Anti aliileta mwenyewe mlangoni, polepole kwa sababu ya magoti. Utepe wa kijani bado upo sikioni, skrubu ya mfuniko imekazwa na mmoja wa vijana, na ndani kuna robo ya mkate wa viazi umefunikwa kwa karatasi ya foili. Bibi yangu asingekubali chombo cha mtu kirudi kitupu, na Anti hajawahi kufika Tanga.

Kwa hiyo: nyota nne kati ya tano, moja nimeikata kwa ajili ya kirungu na masikio. Kama una familia ya watu wanne hadi sita nunua ya sentimita 26. Nenda asubuhi siku ya kazi, Jumamosi hupati nafasi ya kugonga na kusikiliza. Ukiiona inang'aa kama kioo na ni nyepesi, iache.

Binti yangu ameshaniambia kwamba siku nikifa, dhahabu agawane na kaka zake, ila dachi ni yake. Nimemwambia kwanza aweke jiko la gesi.